Siku za mwanzo ndizo ngumu, msirudi bado

Pole sana, dada. Unasema ni siku ya tatu tangu mtoke Dar kwenda Mbeya kwa baiskeli, mko Chalinze, magoti yanakuuma, mumeo anakuacha nyuma na jana mmegombana. Mimi na mke wangu tulipita humo humo.

Leo pumzikeni. Kisha pandisha siti yako: pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Siti ya chini na gia nzito ndivyo vinavyoumiza magoti. Mizigo ya keria ishusheni ikae chini zaidi, pande mbili zilingane. Maji, sufuria na hema abebe mwenye nguvu zaidi. Halafu wewe utangulie, yeye afuate mwendo wako. Kwetu hilo lilimaliza ugomvi: mke wangu alipokaa mbele, ndipo nilipoona keria yake inavyoyumba kila anapokanyaga.

Mikumi msikatize kwa baiskeli, nawasihi. Ni kama kilomita 50 ndani ya hifadhi, kuna simba na tembo. Pandeni basi, baiskeli ziingie kwenye buti. Mlima Kitonga nao ombeni lifti ya Fuso. Barabara ni nyembamba na malori hayana pa kuwakwepea.