Maji ya kahawia ya machicha

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafuga ng'ombe Buhongwa, Mwanza, na machicha ya kiwanda cha bia naletewa kwa kirikuu. Nasikia yana antioksidanti. Nimeyachemsha saa tatu, maji yakawa kahawia kabisa. Nikiyakausha yawe unga, naweza kuuza kama kiondoa sumu? Jamaa ananishauri niloweke kwenye gongo.

JIBU: Marahaba. Antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia vingine visiharibiwe na hewa, zimo kweli, ila hukuzitoa. Machicha ni mabaki ya kimea, yaani shayiri iliyooteshwa. Kiwandani kimea hicho kilishalowekwa kwenye maji ya nyuzi 65 hivi, kikasuuzwa kwa maji ya moto zaidi. Kilichokubali kutoka kwa maji kiliondoka na bia. Zilizobaki, hasa asidi ya feruliki na ya kumariki, zimeng'ang'ania nyuzinyuzi za ganda la shayiri kwa vifungo vya kikemia. Chemsha kutwa, havikatiki. Maabara huvikata kwa vimeng'enya au kwa kostiki soda, hewa ikizuiwa zisiharibike, halafu kuna kazi ndefu ya kusafisha. Kostiki ni ileile ya watengeneza sabuni, usijaribu jikoni.

Rangi ndiyo inayonichosha. Watu huniletea chupa, wanaiinua juani nione "nguvu". Weusi ule ni wa kimea kilichokaushwa kwa moto, na ndani mna sukari na protini. Hata kile kipimo cha antioksidanti cha bei nafuu kinachogeuka buluu hudanganywa na vitu hivyo, kwa hiyo usinitolee cheti chake.

Gongo sitaki hata kuisikia. Huweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua.

Halafu machicha yako ni ya lini? Zaidi ya robo tatu yake ni maji. Siku ya pili, kwa joto letu, ukizamisha mkono kwenye lundo unakuta vuguvugu na harufu ya uchachu. Baadaye unaona manyoya meupe. Aflatoksini, sumu inayoweza kutolewa na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha, na ukikausha maji yale unaikusanya kwenye unga. Mteja atanunua sumu kwa jina la kiondoa sumu!

Jina hilo lenyewe limeharibu watu. Antioksidanti huchelewesha mafuta kuchacha. Kazi ya kutoa sumu mwilini ni ya ini na figo. Wanaopita stendi na kwenye vivuko na chupa za kutibu sukari, presha na kansa kwa pamoja hawajui hata walichochemsha, na wapo wagonjwa walioacha vidonge vyao kwa ajili ya chupa hizo. Machicha wape ng'ombe, siku hiyohiyo yanaposhushwa.