Kitabu kizima anakisoma, "mboga" imemshinda

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mwanangu yupo la pili. Chekechea alisoma English medium, walikua wanaoneshwa kadi yenye picha na neno chini halafu wanataja wote kwa pamoja, na baadae hata vitabu vya Kiswahili wakaendelea hivohivo, nikawa natamba mtaani mana na miaka yake mitano anasoma kitabu mwanzo mwisho. Juzi nikafunika picha ya ng'ombe kwa kiganja nikamwambia haya soma, kimya. Nikamwandikia "mboga" akasema "mbuzi". Hiyo njia ndo imemharibu au atakaa sawa akikua? – Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba mama. Hajaharibika, ila alikua hasomi, alikua anakumbuka. Ameona "mb" pale mwanzo, zilizobaki akabahatisha. Maneno hamsini kichwa kinabeba, shida inakuja la tatu la nne anapokutana na "mmomonyoko wa udongo" na hakuna picha, hapo ndo wengi wanaanza kuitwa wazito kumbe hawajawahi kupewa funguo.

Kiswahili chetu kwa hili ni mteremko, "a" ni "a" popote utakapoikuta, ndo mana ba be bi bo bu ya zamani ilikua inafanya kazi. Kingereza herufi zake vigeugeu ndo mana wengine waliona bora mtoto ashike neno zima, lakini Uingereza wenyewe wamerudi kwenye kufundisha sauti za herufi, tangu 2012 watoto wa miaka mitano sita wanapimwa kwa maneno 40 na 20 kati ya hayo hayana maana yoyote, makusudi, ili asiyejua sauti asipate pa kujificha. Na wewe mjaribu, muandikie "pimeka" au "dutolo" uone.

Ila usikimbilie kusema silabi ndo kila kitu. Kule Clackmannanshire, Scotland, waliwafundisha watoto kama 300 kwa kuunganisha sauti wakawafuatilia hadi la saba: kusoma maneno walikua mbele ya umri wao miaka mitatu na nusu, lakini kuelewa walichosoma ni mbele miezi mitatu na nusu tu! Mimi mwenyewe nimefundisha watoto wanatiririka kama redio, ukiuliza huyo sungura alienda wapi anakutolea macho.

Kwahiyo dakika kumi jioni zinatosha. Silabi nyepesi kwanza, halafu mwa, nya, ng'o, nywe, akisoma sentensi mbili afunge kitabu akusimulie. Kama ana dada au kaka, asimnong'oneze jibu. Kesho andika "mboga" na "mbuzi" juu na chini, ziba "ga" na "zi" kwa kidole, mwache ahangaike na "mbo" na "mbu" mpaka mwenyewe aone tofauti iko wapi.