"Learn" si "kujifunza" peke yake

SWALI: Mimi ni mfasiri ninayeanza kazi. Katika habari moja ya Kiingereza nilikutana na kitenzi "learn", nikaandika: "Wazazi walijifunza kwamba shule imefungwa." Aliyeipitia kazi yangu alikikata kitenzi hicho kwa wino mwekundu bila ya kunieleza sababu, na kamusi niliyo nayo inakifasili kwa neno moja tu, "jifunza". Je, neno hili lina maana gani nyingine, na visawe vyake ni vipi?

JIBU: Aliyekikata kitenzi chako alikuwa na haki, ingawa angekutendea wema zaidi kama angekueleza. Wazazi wale hawakuketi kujifunza jambo lolote, bali habari iliwafikia. Ungeandika, "Wazazi walipata habari kwamba shule imefungwa", au "walibaini", ikiwa walifika wenyewe langoni wakakuta kufuli.

Maana za "learn" zinazotajwa mara nyingi ni kupata maarifa au ujuzi, kupata habari ya jambo, kuhifadhi maneno moyoni, na kuzinduka baada ya kosa. Kamusi huzitenga, lakini mimi naona zina kiini kimoja, nacho ni kufika. Asemaye kwa Kiingereza kwamba amekwisha "learn" kitu anadai kuwa kitu hicho sasa anakijua. Kitenzi chetu hakidai hivyo. "Kujifunza" kumejengwa kwa "-funza" na kiambishi "-ji-" cha kujirejea, yaani mtu kujipa mafunzo, na mtu aweza kujifunza mwaka mzima asijue.

Tazama sentensi hii: "I studied French for four years but I never learned it." Ukiandika, "Nilisoma Kifaransa kwa miaka 4 lakini sikujifunza", msomaji atauliza ulisomaje bila ya kujifunza. Mswahili husema, "Nilisoma Kifaransa miaka 4 lakini sikukijua", au "hakikuniingia". Vivyo hivyo, "She learned to swim at six" ni "Alijua kuogelea akiwa na miaka 6". Ukiandika "alijifunza", msomaji hatajua kama mtoto huyo aliweza kuelea au aliishia kupiga maji ukingoni. Mahali ambapo "kujifunza" kunakaa sawasawa ni pale kazi inapoendelea, kama katika "I am learning", kwa sababu hapo msemaji mwenyewe anakiri kwamba hajafika.

Kipimo hicho hicho kitakusaidia katika visawe. "Study" ni juhudi isiyoahidi matunda, nasi tuna "kusoma" na "kudurusu". "Find out" na "discover" zinakaribiana na "learn" ya habari, na kwa Kiswahili ni kugundua, kubaini au kupata habari. "Master" ni kubobea au kumudu. "Pick up" ni kujua jambo kwa kusikia na kuona tu, bila ya mtu kukufundisha. "Memorise" ni kuhifadhi. Wengi huandika "kukariri", lakini ningependa uwe mwangalifu, kwa kuwa neno hilo siku hizi limebeba lawama ya kushika maneno bila ya kuyaelewa, lawama ambayo huenda mwandishi wa Kiingereza hakuikusudia. Kuhusu "acquire", baadhi ya wanaisimu, hasa wanaomfuata Stephen Krashen wa Marekani, huitenga kabisa na "learn": mtoto huipata lugha ya nyumbani bila ya kukusudia, ilhali anayejifunza lugha darasani huifuata kwa kanuni.

Jambo moja linanifurahisha kila ninapolikumbuka. Kwa karne nyingi "learn" ilitumika pia kwa maana ya kufundisha, na hata Shakespeare aliitumia hivyo, ingawa leo matumizi hayo yanahesabiwa kuwa si sanifu. Kwetu nako anayefunza na anayejifunza wametoka katika shina moja, tofauti ikiwa ni kile kiambishi kidogo cha katikati.

SWALI: Ipi ni sahihi, "learned" au "learnt"?

JIBU: Zote mbili ni sahihi zinapotumika kama kitenzi cha wakati uliopita. Marekani hupendelea "learned", na Uingereza hutumia zote. Lakini mtu anapoitwa "a learned man", neno hutamkwa kwa silabi mbili, halina "t" mwishoni, wala si kitenzi tena. Hapo usiandike "mtu aliyejifunza", bali andika "msomi" au "mtu mwenye elimu kubwa".