Maswali ya Wasomaji: Damu ya Usiku, Dole Gumba na Busha

SWALI: Watafiti wa chuo kikuu cha tiba wako kijijini kwetu wakipima matende na mabusha. Wametangaza kuwa damu itachukuliwa saa 4 usiku. Watu wameingiwa na hofu, wengine wanasema damu inauzwa. Kwa nini isiwe mchana kama malaria? (Msomaji, Mikindani, Mtwara)

JIBU: Hofu hiyo ilipaswa kujibiwa kwenye mkutano wa kijiji kabla hata ya kutajwa saa. Sababu ni tabia ya mdudu mwenyewe. Ugonjwa huu huletwa na minyoo wembamba kama uzi, Wuchereria bancrofti, wanaosambazwa na mbu. Minyoo wakubwa hukaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na kuzaa vijiminyoo. Mchana vijiminyoo hivyo hujificha kwenye mishipa ya damu ya mapafu. Usiku, hasa kati ya saa 4 na saa 8, hutoka hadi kwenye damu iliyo karibu na ngozi, wakati ambao mbu wao wanauma. Ukitobolewa kidole saa 5 asubuhi, kioo cha maabara kinaweza kuonekana safi nawe unao.

Damu inayotakiwa ni kidogo mno. Kipimo cha kioo huchukua kama mikrolita 60: hupakwa, huachwa ikauke, hutiwa rangi ya Giemsa, kisha husomwa kwa hadubini. Kipo pia kipimo cha utepe, kinachotafuta dalili za minyoo wakubwa. Hicho huchukua mikrolita 75 na hufanyika saa yoyote, ndiyo maana timu nyingi hupima utepe mchana, kisha huwaita usiku wale tu walioonekana nao. Kijiko kimoja cha chai kina mikrolita 5,000, yaani kingetosha tepe za watu zaidi ya 60. Hakuna biashara inayofanyika kwa matone hayo.

Jambo moja la kuangalia: utepe husomwa dakika ya 10. Ukiachwa mezani zaidi ya hapo, mstari unaweza kujitokeza kwa kuchelewa, mtu akaambiwa anao kumbe hana. Mpimaji asiyetazama saa, mkumbushe bila aibu.

SWALI: Naambiwa niweke dole gumba kwenye fomu na mimi kusoma kwangu ni kwa shida. Nikikataa nitanyimwa dawa? (Msomaji, Nanyamba)

JIBU: Hapana. Dawa za kumeza ni za mpango wa Wizara ya Afya, utafiti ni jambo jingine, na kukataa hakukupunguzii huduma yoyote. Fomu isomwe yote kwa Kiswahili, ifafanuliwe kwa Kimakonde pale panapohitajika, mbele ya shahidi uliyemchagua wewe, anayejua kusoma na asiye wa timu. Uliza kama majibu yako utapewa na lini, damu itakayobaki itatunzwa au itamwagwa, na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kiko wapi. Nakala ya fomu, yenye namba ya simu ya kuuliza, ibaki kwako. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayetia sahihi, lakini mtoto mwenye umri wa kuelewa naye aulizwe. Timu inayoharakisha madole gumba kabla ya kumaliza kusoma, mpelekee taarifa mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo.

SWALI: Mume wangu ana busha. Amemeza dawa miaka mitatu na halijapungua. Dawa ni feki? (Msomaji, Kilwa Kivinje)

JIBU: Si feki, dada. Ivermectin na albendazole huua vijiminyoo ili mbu wasiwapelekee wengine. Minyoo wakubwa huishi miaka 6 hadi 8, ndiyo maana dawa hurudiwa kila mwaka. Maji yaliyokwisha kujaa kwenye mfuko wa korodani hayatolewi na kidonge. Dawa ya busha ni upasuaji. Asikubali kunyonywa maji kwa sindano: yatarudi, na sindano inaweza kuingiza vijidudu.

Kwanza daktari ahakikishe si ngiri, ambayo mara nyingi hurudi ndani mgonjwa akilala na hujitokeza akikohoa. Sukari na presha vipimwe mapema, kwani sukari ikiwa juu kidonda huchelewa kupona. Baada ya upasuaji kidonda kiwe safi na kikavu. Homa, usaha au uvimbe unaozidi kuuma ni sababu ya kurudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

Asibebe mizigo mizito kwa wiki 4 hadi 6. Kama mnalima korosho, msipange upasuaji Septemba halafu Oktoba akawa anabeba magunia kwenda ghalani. Aandikishe jina sasa kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, aombe tarehe itakayompa nafasi ya kupona kabla ya msimu.