Kabla ya Kuilaumu Valvu: Ushauri kwa Fundi Mpya wa Amplifaya za Gitaa

Fundi anayeanza kazi ya amplifaya za gitaa huambiwa mapema kwamba valvu (chupa ndogo za kioo zinazokuza mawimbi ya umeme ya gitaa) za zamani zilikuwa imara na za sasa ni hafifu, naye huendelea kuiamini kauli hiyo kila anapofungua chasisi yenye valvu iliyoungua. Mimi pia niliiamini kwa miaka, hadi nilipoanza kupima badala ya kukisia. Niligundua kwamba valvu nyingi zinazokufa mapema hazikutoka kiwandani zikiwa mbovu, bali zilifungwa katika saketi ambayo mbunifu wake alibana gharama mahali pasipostahili.

Ni vyema kwanza uelewe unalipia nini unaponunua valvu. Kathodi, inayotoa elektroni, hupakwa oksidi, gridi, inayodhibiti elektroni hizo, husokotwa kwa waya mwembamba sana, hewa hunyonywa hadi karibu iishe ndani ya kioo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo bado inahitaji mikono ya watu. Viwanda vinavyoweza kuifanya vimebaki vichache, vikiwemo vya Čadca nchini Slovakia, Saratov nchini Urusi, na vya China. Kwa hiyo majina mengi yanayochapwa kwenye kioo ni ya wauzaji wanaonunua kutoka viwanda hivyo hivyo, na tofauti ya bei mara nyingi ni malipo ya uchambuzi, yaani mtu fulani amezipima valvu, akatenga zenye kelele kidogo, akaunda jozi zinazolingana. Uchambuzi una thamani, lakini si katika kila soketi.

Panapofaa zaidi kulipia uchambuzi ni hatua ya kwanza ya ukuzaji, inayopokea mawimbi kutoka kwa gitaa. Valvu ya 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83, ina kipeo cha ukuzaji cha takriban 100, na kelele yoyote inayozaliwa katika hatua hiyo hukuzwa na hatua zote zinazofuata. Katika amplifaya iliyo sanduku moja na spika, valvu hiyo hutikiswa kila noti inapopigwa, na ikiwa vipande vyake vya ndani vimelegea, itaanza kuimba yenyewe. Igonge taratibu kwa penseli ya mbao uisikilize. Ile inayolia katika soketi ya kwanza inaweza kuhamishiwa kwenye hatua inayogawa mawimbi kwa ajili ya valvu za nguvu, ikafanya kazi huko kwa miaka bila mtu kuisikia. Kuzibadilishana nafasi hakugharimu chochote, na nashangaa jinsi mafundi wachache wanavyokumbuka kulijaribu.

Kwa valvu za nguvu hesabu ni nyingine. Zikiwa mbili zinazopokezana nusu za wimbi, mikondo yake isipokaribiana mvumo hauzimwi vizuri ndani ya transfoma ya kutolea sauti, kwa hiyo jozi iliyolinganishwa ina maana. Hata hivyo, jozi ghali haikusaidii ikiwa bayasi, yaani volti ya gridi inayoamua mkondo wa valvu wakati gitaa liko kimya, imewekwa vibaya. Rezista ya kurekebishia bayasi ni kipande kidogo tu. Kinachomgharimu mtengenezaji ni muda wa mfanyakazi wa kuipima na kuirekebisha kila amplifaya. Baadhi ya watengenezaji huiondoa, wakaweka mkondo wa chini ili takriban valvu yoyote isalimike, na mpiga gitaa akapata sauti kavu yenye makwaruzo katika noti zinazopigwa kwa upole. Mesa/Boogie walichagua njia hiyo ya bayasi isiyorekebishika, lakini wakauza valvu zilizochambuliwa na kuwekewa alama za rangi ili zilingane na amplifaya zao. Gharama ilihamia kwenye ghala la valvu.

Ukitaka kujipimia, weka rezista ya omu 1 kati ya kathodi na chasisi, kwa kuwa kila milivolti utakayoisoma ni miliampea 1. Kikomo cha joto la anodi (bamba linalopokea elektroni) cha 6L6GC, aina ya valvu ya nguvu, ni wati 30. Mafundi wengi huishia kwenye asilimia 70, yaani wati 21, na kwa anodi yenye volti 420 hiyo ni miliampea 50. EL34, valvu nyingine ya nguvu yenye kikomo cha wati 25, itasimama kwenye takriban miliampea 42. Kumbuka kwamba kipimo hicho kinajumuisha pia mkondo wa gridi ya skrini (gridi ya pili, iliyo kati ya ile ya kwanza na anodi), na kwamba kapasita hubaki na umeme unaoweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Zitoe umeme kwanza, kisha uthibitishe kwa mita, kila unapotaka kugusa waya.

Niliwahi kuletewa amplifaya iliyokuwa imekwisha kuunguza jozi tatu za EL34, kila moja ikiwa ghali kuliko iliyotangulia. Rezista za gridi ya skrini zilikuwa za omu 470, ndogo kwa volti zilizokuwapo, na moja ilikuwa imebadilika rangi kwa joto. Niliweka za omu 1000 zenye uwezo wa wati 5, nikafunga jozi ya bei ya chini kabisa niliyokuwa nayo. Mwenye amplifaya alirudi muda mrefu baadaye kwa sababu ya swichi iliyolegea, na jozi ilikuwa ileile.

Soketi nazo zikaguliwe. Soketi iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya saketi huokoa saa za kuunganisha nyaya, lakini joto la valvu linapopanda na kushuka huitanua na kuisinyaza bodi hadi lehemu ipasuke kwa duara jembamba kuzunguka pini. Dalili yake, sauti inayokatika na kurudi, inafanana kabisa na ya valvu mbovu. Washa taa kali, chukua kioo cha kukuzia, na uilehemu upya pini yenye duara hilo kabla hujaagiza valvu nyingine.