Maswali na majibu: chakula cha gemu na kuoza kwake

Kwa nini chakula cha Minecraft hakiozi? (Nkuhungu)

Waliolitengeneza hawakutaka kioze. Swali hili linarudi kila wiki, basi tuliache.

RimWorld inaozesha nyama mbichi kwa siku 2. Si wamezidisha? (Kongwa)

Wamekupendelea! Nyama isiyo na friji kwenye joto la Dodoma la Novemba haifiki hata kesho yake. Gemu hiyo inasimamisha kuoza nyuzi 0 kushuka chini, inapunguza kasi kati ya 0 na 10, na juu ya 10 inaachia kasi yote. Kasoro iko hapo juu: nyuzi 12 na nyuzi 38 kwake ni sawa, wakati bakteria wengi wanaoozesha nyama hustawi zaidi joto linapopanda kuelekea 30. Ndani ya gemu, kipoza joto cha ghala kiweke hasi 5, si 0, ili umeme ukikatika ubaki na akiba ya baridi. Ukuta jenga mara mbili, na mgongo wa kipoza unaotema joto uelekee nje.

Nikirundika nyama mpya na ya zamani Don't Starve, zinakuwa na hali moja. Ni kweli? (Manyoni)

Kwenye gemu, ndiyo: ya ubichi wa asilimia 100 na ya 40, zikiwa idadi sawa, zinakuwa 70. Jikoni, samaki mmoja akioza ni wote.

The Long Dark, ukifika ngazi ya 5 ya upishi, sumu ya chakula haikupati tena. Si moto unaua kila kitu? (Mpwapwa)

Hapana, na mwenye kuamini hivyo ndiye ninayemhofia. Moto unaua vijidudu, lakini sumu waliyokwisha kuiacha inaweza kubaki. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, haina harufu ya kukuonya, wala haimalizwi na ugali kuiva. Mwaka 2016 iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Gemu zinakufundisha kuogopa kinachonuka. Ghalani adui ni unyevu.

Mahindi yaanike juu ya turubai, si kwenye udongo, na usihifadhi mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza chumvi kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta, unyevu umezidi asilimia 15: yarudishe juani. Punje zilizoota ukungu ondoa kabla ya kukoboa. Usimpe kuku pia, sumu inamdhuru naye.

Project Zomboid umeme ukikatika, friji inahimili muda gani? Na nyumbani? (Area C)

Gemu inategemea mipangilio uliyoweka. Nyumbani, friji isiyofunguliwa ni saa 4. Friza lililojaa saa 48, la nusu saa 24. Kila unapochungulia kuona kama nyama imeyeyuka, unatoa baridi nje. Kwenye gemu mlango huo haugharimu kitu.