Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujakodi Boti ya Misali, Ulizia Maji

Mwezi huu barua nyingi ni za bahari. Wengi mnataka ile fukwe isiyo na watu, mchanga mweupe, unavaa maski na mrija wako unaangalia samaki mpaka njaa ikuume. Na wengi mmetaja Misali, kile kisiwa kidogo cha magharibi ya Pemba, kwa hiyo nami nimekaa hapo hapo zaidi. Karibuni.

SWALI: Asalaam aleikum dada. Sisi ni familia ya Tabata, Dar. Tulikuja Pemba kwenye harusi tukaona tusirudi bila kufika Misali. Tulikodi boti asubuhi, kama saa nne tuko kisiwani, tukakuta maji yapo mbali huko na mwamba uko nje, ikabidi tutembee juu ya mawe ndo tufike penye maji, mke wangu akachanika mguu. Tulipoingia maji yakawa yanatuvuta tukaogopa tukatoka. Samaki tuliona wachache sana. Nakumbuka usiku wake mwezi ulikuwa mkubwa mnoo tulikaa uani bila taa. Sasa niambie, tumetapeliwa au ndo kulivyo?

JIBU: Waaleikum salaam kaka, na mpe pole shemeji. Misali ni pazuri kweli, hapo hamjadanganywa, ila mmepelekwa siku siyo na saa siyo, na hili la mwezi ulilolitaja mwishoni ndo jibu lenyewe. Mwezi ukiwa mpevu, na pia ukiandama, tunakuwa kwenye bamvua, yaani maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na kwa upande wetu huu wa Unguja, Pemba na Dar siku za bamvua maji hukauka saa nne saa tano za asubuhi halafu yanakuja kujaa saa kumi alasiri. Sasa angalia, mgeni yeyote anataka kuondoka asubuhi baada ya chai, kwa hiyo siku ya bamvua anafika pale pale maji yako chini kabisa. Tofauti ya maji kupwa na kujaa siku hizo inafika karibu mita 4, maji yote hayo lazima yatoke na yarudi ndani ya saa sita, ndo huo mvuto mliousikia miguuni.

Siku za maji mafu ni kinyume chake. Tofauti inashuka kama mita moja tu, mkondo unakuwa mdogo, na kizuri zaidi maji yanajaa asubuhi saa nne saa tano, wakati ambao jua limepanda na mwanga unaingia mpaka chini. Hiyo ndo siku yenu. Kuzijua si kazi, shika kalenda ya Kiislamu ile iliyotundikwa ukutani, mwezi 1 mpaka 3 na mwezi 14 mpaka 17 hivi ni bamvua, mwezi 7 mpaka 9 na 21 mpaka 23 ni maji mafu. Mvuvi yeyote wa Wesha au Mkoani ukimuuliza anakwambia bila kuangalia popote, na kwa kweli huyo nahodha wenu alikuwa anajua, alitakiwa awaambie subirini muondoke adhuhuri au mje wiki ijayo, nimekasirika kwa niaba yenu. Ingieni kama saa moja kabla maji hayajajaa kabisa, mtapata ule muda maji yamesimama, hayaendi wala hayarudi, unaelea tu.

Mguu wa shemeji: osheni vizuri na maji safi na sabuni, vipande vya matumbawe vitoke vyote, na kama unavimba au unapata joto aende kituo cha afya asisubiri. Majeraha ya matumbawe yanachelewa kupona na yanaoza kirahisi.

SWALI: Dada mimi ni mwalimu, navaa hijabu, na kuogelea sijui kabisa ila natamani sana nione samaki kwa macho yangu. Wenzangu wananicheka wanasema hii ni ya wazungu. Inawezekana? Na nivae nini maana Pemba nasikia watu wana heshima zao.

JIBU: Inawezekana mwalimu wangu, na wala usiwasikilize. Bahari hii bibi zetu wameshinda ndani yake wakitafuta pweza na chaza, leo iweje kuangalia samaki iwe ya wazungu?

Mavazi kwanza. Usiingie na baibui wala dera, nakuomba sana, nguo pana ikishaloa inakuwa nzito, inajizungusha miguuni na inakuvuta. Vaa ile nguo maalum ya kuogelea ya kusitiri mwili mzima, siku hizi madukani Darajani na Kariakoo zinapatikana, au ukikosa vaa legingi nzito na fulana ya kubana ya mikono mirefu na kofia ya kuogelea juu ya ile kilemba ndogo ya ndani. Umesitirika na jua halikuunguzi, maana unapoelea kifudifudi mgongo ndo unaopigwa jua na husikii kwa sababu ya ubaridi wa maji, unakuja kusikia usiku hulali. Na ukivaa hivyo hulazimiki kujipaka krimu nyingi za jua ambazo zikioshwa humo baharini baadhi yake zina dawa zinazodhuru matumbawe.

Halafu maski. Hapa watu wengi wanaharibikiwa wanadhani bahari haiwataki kumbe maski haiwakai. Ijaribu hivi: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeng'ang'ania ni yako, ikianguka chukua nyingine. Nywele au ukingo wa kilemba usiingie kabisa chini ya mpira, hata uzi mmoja unapitisha maji. Ndani ya kioo tema mate kidogo, sugua na kidole, suuza haraka na maji ya bahari, haitaingia ukungu.

Siku ya kwanza usianzie Misali. Anzia mahali maji yanakufika kiunoni, ukiwa Dar nenda Mbudya au Bongoyo, simama, inama tia uso tu majini na pumua kwa mdomo kupitia mrija, polepole, mpaka moyo utulie. Utaona mwili unagoma mwanzoni, unataka kupumua na pua, hiyo ni kawaida ya kila mtu. Maji yakiingia kwenye mrija usiinue kichwa kwa pupa, puliza kwa nguvu "puh!" yatoke. Ukishaweza hilo ndo uende mbali, na uwe na laifu jaketi inayokubana vizuri, na mtu anayejua kuogelea awe pembeni yako, si kwenye boti anachati. Kama una presha au moyo muone daktari kwanza, nalisema hili kwa uzito kabisa.

SWALI: Hivi kuna nini cha kuona huko chini mpaka watu walipe nauli yote hiyo? Mimi ni kijana wa Morogoro, samaki nawajua wa sokoni.

JIBU: Kijana wangu, wa sokoni wameshakufa rangi imeondoka! Nenda ukamuone pono akiwa hai. Ana kijani na buluu na waridi kwa pamoja, na kabla hujamuona utamsikia. Tia kichwa majini nyamaza, utasikia kru, kru, kru, huyo ni pono anakwaruza jiwe na meno yake yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Anatafuta mwani ulioshika juu ya matumbawe, anameza na chokaa yake, anaisaga na meno ya kooni, halafu muangalie kwa nyuma anavyoondoka, anaachia wingu jeupe linashuka taratibu. Ni mchanga ule. Sehemu kubwa tu ya huo mchanga mweupe mnaopigia picha umepitia tumboni mwa pono. Na usiku wako pono wanaotoa ute mdomoni wakajifunika nao kama chandarua wakalala humo, ndo maana wazee wakasema usingizi wa pono.

Utaona kangaja, tasi, chewa kajificha kwenye pango anakutazama, taa amejifukia mchangani macho tu nje, ukibahatika kasa. Misali ni kisiwa kidogo, hakifiki kilomita moja ya mraba, lakini kipo kwenye mkondo wa Pemba, yaani ile bahari kati ya Pemba na bara, ambao ni wa kina kirefu sana, mwamba unashuka ghafla, upande wa huku uko kwenye maji ya goti na mbele yako kuna buluu nzito isiyo na mwisho. Mara ya kwanza inatisha kidogo, kaa upande wa mwamba.

Na hayo matumbawe si mawe jamani, ni wanyama, vidudu vidogo vidogo maelfu kwa maelfu vinajenga nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao wanaishi mwani wanaowapa chakula na rangi. Bahari ikipata joto kupita kiasi ule mwani unatoka, yanabaki meupe, na joto likikaa muda mrefu yanakufa. Mwaka 1998 wa El Niño yalikufa mengi sana kote huku kwetu, na 2016 yakapigwa tena. Aina za matawi zinaweza kukua kama sentimita 10 kwa mwaka, lakini zile za jiwe la mviringo ni sentimita moja hivi, sasa fikiria jiwe lenye kimo cha mita 2, lilianza kujijenga kabla Seyyid Said hajahamia Unguja, halafu mtu anapanda juu yake na mapezi apigwe picha. Naumia nikiona.

SWALI: Tulikuwa kwenye boti moja na vijana wanaokota viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, wanaviweka kichwani kwa ajili ya picha, mmoja akamshika kasa. Nahodha kanyamaza. Nilitaka kusema nikaona aibu. Je kuna sheria?

JIBU: Ungesema tu, na siku nyingine sema. Misali imehifadhiwa tangu 1998 na tangu 2005 iko ndani ya eneo la hifadhi la mkondo wa Pemba, PECCA, kuna sehemu hairuhusiwi kuvua kabisa. Wavuvi wa Pemba walikubali kuacha kuvua kwenye sehemu nzuri kuliko zote, na masheikh walishirikishwa kuwaeleza watu kwamba baruti na uharibifu wa viumbe haujuzu, watu wamejinyima kitoweo, halafu anakuja mgeni wa siku moja anachezea. Haipendezi hata kidogo.

Kiti cha pweza kinapumua majini, ukikitoa juu kinateseka hata kama hakipigi kelele. Kasa ni hivyo hivyo, lazima apande juu avute hewa, ukimfukuza au ukimshika anachoka, muache umbali wa mita kadhaa wewe elea tu, mara nyingi anakuja mwenyewe karibu. Makombe na makome pia yaacheni, kuna kaa anayasubiri ahamie humo. Na wale nungunungu wa baharini wa miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye mashimo, ukikanyaga utalia. Ukiona umechomwa na samaki mwenye sumu tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia na muwahi hospitali. Konyeza, yule mdudu laini kama jeli anayeelea majini, akikuunguza usisugue na mchanga, suuza na maji ya bahari.

SWALI: Nahodha nimuulize nini kabla sijalipa? Na miezi ipi mizuri?

JIBU: Kaskazi, Disemba mpaka Februari, au Oktoba na Novemba kabla mvua za vuli hazijachachamaa. Kusi la Juni mpaka Agosti linavuruga bahari na kuvuka kunakuwa kugumu, masika maji yanachafuka. Nahodha muulize maji yatajaa saa ngapi, laifu jaketi ziko ngapi na zitoe uzione, mafuta ya kurudi yapo, simu inashika, na ada ya hifadhi nani analipa. Muulize na atakushusha upande gani na atakusubiri wapi, maana kwenye ncha za kisiwa mkondo una nguvu, ukichukuliwa usishindane nao, elea, inua mkono, boti ije ikuchukue. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha na chakula, usitegemee kukuta duka, na taka zote mrudi nazo.

SWALI: Mimi nipo Seeb, Oman, bibi yangu wa Chake Chake. Watoto wamekuwa wanataka kusnokeli lakini kuja Pemba mpaka likizo ya Disemba. Kuna pa kuanzia huku?

JIBU: Tena uko karibu mno! Visiwa vya Daymaniyat viko mbele yako hapo, visiwa 9, hifadhi tangu 1996, maji safi na kasa aina ya ng'amba wengi wanataga huko. Kwa sababu hiyo hiyo ya kutaga, kuteremka fukweni kunafungwa kuanzia Mei mpaka Oktoba, boti zinakwenda ila mnaogelea pembeni tu, na lazima kibali, kampuni ya boti inashughulikia. Wafundisheni watoto kupumua na mrija kwanza kwenye bwawa huko nyumbani, kisha Daymaniyat, wakija Pemba watakuwa wameshazoea. Hiyo Disemba ukishakata tiketi niandikie tarehe mtakazokuwa Chake, nikuangalizie maji mafu yanaangukia lini.